Kompyuta ya mtumba kama ghala la picha zako: kabla ya kulipa, piga hesabu ya LUKU

Saa mbili usiku simu inaita. Ni rafiki yangu mmoja, kaka kwangu kwa umri, anayepiga picha za harusi na mahafali maeneo ya Tabata. Salamu ilikuwa fupi.

"Mdogo wangu, nimenunua umeme wa elfu kumi nimepata uniti 28. Nilizoea 82. Hilo likompyuta uliloniambia ninunue linakula umeme au linakunywa?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu aliyemshauri ni mimi.

Miezi kadhaa nyuma alikuwa na picha za wateja kwenye diski za nje sita, na mbili kati ya hizo zilishaanza kutoa mlio wa kugonga kila akizichomeka. Nikamwambia nenda Kariakoo, tafuta wekistesheni ya mtumba, weka diski kubwa mbili ndani, iache kona ya sebule, picha zote ziingie humo. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Nilisahau kumwambia kitu kimoja tu, na hicho kimoja ndicho kinachoamua kama mpango huu unakuokolea hela au unakutafuna polepole.

Mashine zenyewe ni zipi, na kwa nini sasa

Wekistesheni ni kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wachoraji wa majengo na wahariri wa video. Ukiingia maduka ya mtumba utazikuta kwa majina kama HP Z440 au Dell Precision. Ni nzito, boksi lake kubwa, na ndani kuna prosesa ya Xeon. Zikiwa mpya zilikuwa bei ya kutisha. Leo unaweza kuondoka na moja kwa hela isiyofika ya simu ya daraja la kati.

Bei imeanguka kwa sababu zinazoeleweka. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Z440 ilitoka 2014. Haimo kwenye orodha. Ofisi za Ulaya na Marekani zinazofuata sheria za usalama wa mifumo haziwezi kubaki nazo, hivyo zinaziachia, na mashine ikiachiwa kule, mara nyingi safari yake haiishii kule.

Kwa kazi ya kuhifadhi mafaili, Windows wala haihitajiki. Kuna mifumo ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, kama TrueNAS na OpenMediaVault. Unaiweka kwenye fleshi au diski ndogo, mashine inakuwa seva ya nyumbani, na simu, laptopu na TV za ndani zote zinaiona kupitia WiFi ile ile. Kwa hiyo mashine iliyofukuzwa ofisini bado ina miaka ya kufanya kazi, na hilo ni jambo la maana katika dunia ambayo, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya taka za kielektroniki ya 2024, ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022 na kurejeleza kwa utaratibu unaojulikana asilimia 22.3 tu.

Wengi walianza kufikiria ghala lao wenyewe Juni 1, 2021, siku Google Photos ilipoacha kupokea picha bila kikomo. Tangu hapo bure ni GB 15, na humo humo kuna barua pepe zako na mafaili ya Drive. Halafu tukapata masomo mengine. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kama kazi zako zote ziko kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni za nje, siku kama hizo unakaa unaangalia alama ya kuzunguka.

Kwa mpigapicha kuna tatizo jingine la kila wiki. TB moja ya picha ukiipandisha kwa kasi ya Mbps 5, ambayo wengi wetu tungeifurahia, inachukua siku 18 na nusu bila kupumzika. TB hiyo hiyo kwa waya wa mtandao kutoka laptopu hadi mashine iliyo chumba cha pili ni kama saa mbili na nusu. Bando halijaguswa.

Hadi hapo, kila mtu anashawishika. Mimi nilishawishika hadi nikamshawishi mwenzangu.

Hapa ndipo palipouma

Nilipokwenda kwake nikabeba kipimo cha wati, kile cha kuchomeka ukutani kabla ya waya wa kifaa. Mashine ikiwa imetulia, haifanyi kitu, diski mbili zikizunguka, ilikuwa inavuta wati 90. Mashine nyingi za aina hii huwa kati ya wati 60 na 100 zikiwa hazina kazi, na zile za prosesa mbili zinapita hapo. Wati 90 si kitu ukilinganisha na pasi. Lakini pasi unaizima.

Wati 90 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 64.8.

Sasa rudi kwenye LUKU. Mteja wa nyumbani aliye kwenye tarifu ya chini, D1, uniti yake ni Sh100. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa Sh122. Ndiyo maana elfu kumi inampa uniti 82. Sharti lake ni kwamba matumizi yabaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha mara kwa mara unahamia T1, ambako uniti ni Sh292, na kwa makato yale yale inafika kama Sh356. Elfu kumi hapo ni uniti 28.

Kwa hiyo jamaa hakuwa ameibiwa na mtu. Nyumba yake ilikuwa inatumia kama uniti 60 kwa mwezi, taa, TV, friji ndogo na chaja, anatoa kama Sh7,300. Mashine ikaongeza 65. Jumla 125, na zote sasa kwa bei ya T1: Sh44,500. Tofauti ni zaidi ya Sh37,000 kila mwezi.

Kitu kinachouma kwenye hesabu hii ni kwamba mashine ilipandisha bei ya umeme wake yenyewe, na ikapandisha bei ya friji pia.

Linganisha. TB 2 za Google One kwa bei ya Marekani ni dola 9.99 kwa mwezi. Hata ukipiga dola moja kwa Sh2,500, ni kama Sh25,000. Yaani lile ghala la nyumbani "lisilo na malipo ya mwezi" lilikuwa linamgharimu zaidi ya lile la kulipia, kabla hata hujahesabu hela ya mashine na diski. Kwenye video nyingi za mtandaoni kuhusu mambo haya, msemaji anakaa nchi ambayo hakuna ukuta wa uniti 75. Anataja wati halafu anaendelea na mada nyingine. Kwetu huwezi kuendelea.

Kama wewe tayari uko T1 kwa sababu ya kiyoyozi au jiko la umeme, hesabu yako ni nyepesi kidogo: mashine peke yake ni kama Sh23,000 kwa mwezi. Bado si ndogo.

Kilichorekebisha mambo

Swali nililopaswa kumuuliza mwanzo kabisa ni hili: kaka, hizo picha unazihitaji saa ngapi?

Jibu lilikuwa jioni. Anarudi na memori kadi, anamimina, anachagua, anahariri, analala. Saa tisa usiku hakuna anayehitaji picha za harusi ya mwaka juzi. Seva za kampuni zinawaka usiku kucha kwa sababu zina wateja dunia nzima. Sebule ya Tabata haina.

Mashine hizi za ofisini zina kitu kizuri ambacho kompyuta nyingi za kuunga hazitumii: ndani ya BIOS kuna mpangilio wa kujiwasha zenyewe kwa saa na siku unazochagua. Tukaweka ijiwashe saa 12 jioni. Upande wa mfumo tukaweka amri ya kuizima saa 4 usiku. Saa nne kwa siku kwa wati 90 ni uniti 10.8 kwa mwezi. Nyumba yake ya uniti 60 inafika 71, chini ya mstari. Kwa bei ya D1, ghala lote linakula kama Sh1,300 kwa mwezi.

Kutoka Sh37,000 hadi Sh1,300, mashine ile ile na picha zile zile. Ilibidi akae nje ya mstari kwa muda na kuomba arudishwe tarifu yake, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Jambo la pili lilikuwa kadi ya picha. Ilikuja na kadi kubwa ya Quadro, ya kuchorea majengo, inavuta umeme bure. Xeon za familia ya E5 hazina picha za ndani, hivyo kadi fulani lazima iwepo angalau wakati wa kusimika mfumo. Tukaweka ndogo kuliko zote iliyopatikana, ile kubwa akaiuza.

Na kama kweli unataka kitu kiwake saa 24, labda una kamera za ulinzi au familia iliyoko nje inayotaka kuona picha muda wowote, basi nikuambie ukweli: wekistesheni siyo mashine yako. Tafuta kompyuta ndogo ya ofisi, zile zinazokaa nyuma ya kioo, za kizazi cha nane cha Intel. Nyingi hutulia kwenye wati 10 hadi 20. Utapoteza nafasi ya diski nyingi, utapata usingizi.

Dukani, fungua ubavu

Ukiamua kununua, usiangalie boksi. Fungua ubavu.

Hesabu vipande vya RAM. Hili limekuwa muhimu kuliko mwaka juzi. Vituo vya data vya akili mnemba vimemeza RAM hadi bei zimepaa. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD za wateja wa kawaida, ili ielekeze nguvu huko. Mashine yenye GB 32 ndani na ile iliyochomolewa ikaachiwa GB 4 zinafanana kabisa kwa nje. TrueNAS inataka angalau GB 8. Habari njema ni kwamba wekistesheni nyingi za Xeon zinapokea RAM za seva, aina ambayo haiingii kwenye kompyuta za kawaida, hivyo wanaoigombania ni wachache. RAM hizo pia zina ECC, uwezo wa kugundua na kusahihisha kosa dogo la data kabla halijaandikwa kwenye diski. Kwa ghala la kumbukumbu, hiyo ni zawadi.

Angalia nafasi za diski. Z440 ina mbili za inchi 3.5, na mbili za juu zilizokusudiwa DVD ambazo ukipata fremu ya chuma zinabeba diski pia. Angalia na pawasaplai. Nyingi ni za umbo la kampuni yenyewe, ikiungua huendi duka lolote kuchukua nyingine.

Halafu diski. Hapa usibane hela, na usiamini macho. Mwanzoni mwa 2025 tovuti ya Ujerumani ya Heise ilifichua diski za Seagate zilizokuwa zinauzwa kama mpya kumbe zilishatumika maelfu ya saa. Wajanja walikuwa wamefuta kihesabio cha kawaida cha saa, lakini kumbukumbu nyingine ya ndani ya diski, inayoitwa FARM, ilibaki na ukweli. Kama wanunuzi wa Ulaya wenye risiti walipigwa, wewe na mimi tujipange.

Ichomeke pale pale dukani. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, kwenye Linux smartctl. Tazama saa ilizowaka: 35,000 ni miaka minne mfululizo. Tazama idadi ya sehemu zilizohamishwa na zinazosubiri. Zote ziwe sifuri. Moja ikiwa si sifuri, mrudishie kwa upole. Muuzaji akikataa uichomeke, ondoka. Bei nazo haziko upande wetu, maana Western Digital iliwaandikia wateja wake Septemba 2025 kwamba inapandisha bei za diski, na wa mwisho kwenye foleni ya diski hizo ni sisi.

Mashine ikija na diski ya ofisi ilikotoka, ifute yote kabla ya kuitumia. Usichungulie. Na kama unahifadhi sura za wateja, kumbuka nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Harusi ya mtu ni taarifa zake, wala haijalishi kwamba seva iko sebuleni.

Diski mbili siyo bakapu

Kosa la pili, ambalo bahati nzuri hatukulifanya, ni kudhani ukishaweka diski mbili zinazoigana umemaliza.

Diski zinazoigana, wenyewe wanaita kioo, zinakukinga na jambo moja: diski moja kufa. Inakufa usiku, asubuhi picha ziko kwenye nyingine. Lakini ukifuta folda kwa bahati mbaya, kioo nacho kinafuta. Umeme ukirudi kwa kishindo, zote mbili ziko kwenye boksi moja. Mwizi akibeba boksi, amebeba zote.

Mimi najua hili kwa gharama. Nikiwa chuo nilimrekodi bibi yangu akisimulia maisha yake, karibu saa tatu za video, nikaweka kwenye diski ya nje moja nikiamini diski ni diski. Ilianguka kutoka mezani, kimo cha goti. Fundi aliisikiliza, akatikisa kichwa. Bibi alishafariki. Sauti yake iliyobaki ni meseji mbili za WhatsApp, moja ananiuliza kama nimekula.

Kanuni wanayotumia watu wa picha, inayohusishwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa jamaa wa Tabata tumeifanya kibongo: kioo cha diski mbili ndani ya mashine, na moja ya zile diski zake za nje zilizo nzima inakaa Kibaha kwa mama yake. Anaenda nayo Jumapili ya mwisho wa mwezi, anarudi nayo, anaongeza kazi mpya, inarudi Kibaha. Picha chache za muhimu kabisa, kazi ambazo mteja hajazichukua bado, ziko pia kwenye GB 15 za bure.

UPS ndogo ipo kati ya ukuta na mashine. Haikusudiwi kufanyia kazi gizani. Kazi yake ni kuipa mashine dakika chache ijizime kistaarabu, maana umeme wa kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja ndio unaoua vifaa.

Kwenye simu yake na ya mkewe kuna programu ya Immich. Wakifika nyumbani jioni mashine ikiwa imewaka, picha za watoto zinajipandisha zenyewe kwa WiFi, bila bando. Akiwa nje hawezi kuzifungua, kwa sababu mtandao wa simu haumpi anwani yake mwenyewe ya intaneti. Ipo njia kupitia Tailscale, ambayo kwa matumizi binafsi ni bure, ila mashine lazima iwe inawaka, na tumeshaona kuwaka kunagharimu nini. Ameamua anaweza kusubiri hadi saa 12 jioni.

Juzi kanipigia tena. Nikajua ni LUKU. Kumbe mteja wa harusi ya miaka miwili iliyopita amefiwa na baba yake, anaomba picha yoyote ya mzee akiwa peke yake, ya kuweka msibani. Ilikuwa saa tano asubuhi, mashine imezimwa. Akaenda sebuleni akabonyeza kitufe kwa mkono. Alipata 14, mzee akicheka katika tatu kati ya hizo.